Kiwiko Changu, Kiwiko cha Daktari

Kwa muda wa miezi mitatu niliuumiza mkono wangu wa kulia kwa mkono wangu wa kushoto, mara thelathini kwa siku, na kila nikimaliza nilisema alhamdulillahi. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa na karatasi ya daktari na nilikuwa mgonjwa mtiifu. Hadi leo jambo hilo likinijia husimama nilipo, hata nikiwa nimeshika sufuria.

Naandika kwa sababu tangu nipate nafuu watu wananijia. Binti wa jirani anayefanya kazi benki, mwalimu wa chuo, kijana anayechapisha kadi za harusi, wote wanashika mahali pamoja na kuniuliza swali moja: ninunue kipanya gani, kibodi gani? Nitawaambia. Lakini wanivumilie, maana mimi nilikwenda kununua vitu hivyo nikiwa na maelekezo ya daktari mkononi, na nilirudi nyumbani na balaa.

Naitwa Zuhura. Naishi Kibokoni, Mji wa Kale, na mume wangu Athmani, ambaye ni fundi seremala. Karakana yake iko chini, sisi twaishi juu, na unga wa mbao hatuumalizi kufagia. Hutengeneza milango na vitanda watu wakiagiza, lakini kazi anayoipenda ni marfaa, kile kiti cha mbao kinachowekewa msahafu ili usiguse chini. Mimi nafanya kazi Shimanzi, katika ofisi ya kampuni ya malori. Kazi yangu ni kuingiza nambari za makontena kwenye kompyuta. Herufi nne, nambari saba, bonyeza. Herufi nne, nambari saba, bonyeza. Nimefanya hivyo miaka kumi na moja, na nje malori yakipita vikombe vya chai hutetemeka juu ya meza.

Maumivu yalianza wakati wa kaskazi, joto limekaza. Mwanzo yalikuwa madogo, pale ninapofungia saa. Nikavua saa. Wiki mbili baadaye nikavua bangili. Halafu nikashindwa kufungua chupa ya chai, na ilipofika Ramadhani nikashindwa kukamua tui, nikawa nasimama jikoni na chujio la nazi mkononi, machozi yananitoka, na maghribi iko mlangoni. Athmani akapanda ngazi akanikuta.

"Kompyuta hubebi kitwani," akaniambia. "Yakuumizaje?"

Yeye hunyanyua mbao za mvule tangu utoto, na mimi hukaa kitini chini ya feni. Hata mimi niliona haya kulalamika. Siku ya Idi ndiyo iliyonifunua. Kwetu mwanamke haingii nyumba ya mtu bila kutoa mkono, na wageni siku hiyo hawahesabiki. Kila aliyenishika mkono nilihisi kama anaupindua. Nilitabasamu mpaka adhuhuri, kisha nikajificha chumbani.

Sasa nikuombe kitu kimoja, msomaji: lishike neno hili. Pale ninapofungia saa, nyumbani kwetu paitwa kiwiko. Mamangu, Mungu amrehemu, alinivika bangili kiwikoni, na tukivuka barabara alinishika kiwiko. Na pale katikati ya mkono, pale ukijigonga kwenye kiti unaona nyota mchana, ni kivi. Wewe uliyejifunza Kiswahili darasani labda umeanza kunikatalia. Mimi pia nilikaa darasa hilo hilo na mtihani niliupita. Lakini mtu akiumwa hasemi lugha ya mtihani, husema lugha ya mamake.

Nilikwenda zahanati baada ya Idi, mvua za mwaka zimeanza. Nilikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi, tumebanana na nguo zetu zilizolowa, na kila mlango ulipofunguliwa sote tuliinua vichwa pamoja. Mama mmoja nisiyemjua aliniona nikihangaika na chupa ya maji. Akainyakua, akaifungua, akanirudishia, akaendelea na hadithi yake kwa jirani yake kana kwamba hakufanya lolote. Sikumwona tena, lakini mara nyingi humwombea dua.

Daktari alikuwa kijana kutoka bara, hajatimiza mwaka Mombasa, mpole, sauti ya chini. Alisimama nilipoingia. Nikampenda kwa hilo.

"Habari ya asubuhi, mama. Una shida gani?"

"Njema, daktari. Kiwiko chaniuma. Mkono huu wa kulia."

"Kwa muda gani?"

"Tangu kabla ya mfungo."

"Unafanya kazi gani?"

"Ya kompyuta."

Akaitikia kwa kichwa, jibu keshalipata. Mkono wangu ulikuwa umelala ndani ya mkono wa buibui, juu ya paja. Aliutazama, akatazama mlango, akakohoa kidogo. "Kinakunjika?" akauliza. Nikamwambia chakunjika, lakini kwa uchungu. "Kimevimba?" Kidogo. Basi akaandika. Hakunigusa, na mimi sikuukunjua mkono wa buibui kumwonyesha. Niliona ni mtu mwenye adabu sana, na nilitaka naye anione hivyo.

Alinipa vidonge na karatasi ya maelekezo. Karatasi ilikuwa ya Kiswahili kitupu, nikafurahi mno. Akanisomea mwenyewe: kunja kiwiko mpaka mwisho, kishikilie hapo nusu dakika, kinyooshe, mara kumi asubuhi, mara kumi mchana, mara kumi jioni. Unapotumia kompyuta, kiwiko kikae kimekunjwa pembe mraba.

"Digrii tisini, mama," akaongeza. "Kama una uwezo, tafuta kibodi na kipanya vitakavyokuwezesha kukaa hivyo. Hiyo ndiyo dawa kubwa."

"Nimefahamu, daktari," nikasema.

Nimefahamu! Neno hilo bado lanichoma.

Jioni ile nilianza. Nilishika vidole vya kulia kwa mkono wa kushoto, nikavisukuma ndani mpaka kiganja kikaelekea kugusa mkono wenyewe. Nikahesabu thelathini. Nilihisi umeme unapita hadi kwenye kidole gumba. Nikajiambia dawa ikiwa chungu ndiyo dawa. Athmani aliyekuwa akinidharau sasa akawa msimamizi. Akisikia karatasi ya daktari imesema, basi kwake ni sheria. Kila asubuhi kabla ya kushuka karakanani alisimama mlangoni na kikombe chake. "Ushafanya? Mara ngapi? Nane? Ongeza mbili, Zuhura, usijidanganye."

Jumamosi nikaenda dukani kwa Murtaza, mjini, nilikonunua simu zangu zote. Murtaza amezaliwa hapa, babake kazaliwa hapa, na Kiswahili chake ni cha Mji wa Kale kuliko changu. Nikamweleza maradhi yangu, akapanga vitu juu ya kioo cha kaunta. Cha kwanza kilikuwa kipanya kilichosimama ubavu, unakishika kama unavyompa mtu mkono. Cha pili kilikuwa na gololi juu yake, wewe hukisogezi, wazungusha gololi tu. Cha tatu kilikuwa kibodi iliyopasuliwa katikati, nusu huku, nusu kule.

Nilivijaribu kimoja kimoja kwa makini. Kila nilipokishika kimoja nilikitazama kiwiko changu, nacho kimenyooka vizuri, hakina pembe yoyote.

"Hivi havifai," nikamwambia. "Vyaniacha kiwiko kimenyooka."

"Lakini ndivyo watu wavipendavyo," akasema Murtaza. "Wasema mkono wapumzika."

Nikampa karatasi. Akavaa miwani, akaisoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Alipofika kwenye pembe mraba akakishika kiwiko chake mwenyewe, pale kwenye saa, akakikunja, akakitazama. "Wallahi," akasema, "daktari ndiye ajuaye." Akavirudisha vitu vyake vyote kabatini. Akaniuzia kibodi ya kawaida na kipanya kidogo cha chini kabisa, kisha akaniambia ninachohitaji si mashine, ni kitu cha kuiinulia mashine.

Na kitu cha kuinulia, nyumbani kwangu, hakihitaji kununuliwa. Athmani alikitengeneza kwa siku nne. Kilikuwa marfaa hasa, ila kipana, kimelala kidogo nyuma, ili kibodi isimame mbele yangu kama msahafu uliofunguliwa na mikono ijikunje kuifikia. Alikitia nakshi za maua upande wa nyuma. Alinikalisha kitini, akachukua ile bati yake ya kupimia pembe, akaiweka juu ya mkono wangu, akapiga magoti na kutazama kwa jicho moja. Tisini kamili. Akacheka kwa furaha. Tulikuwa tumekaa wiki nyingi bila kucheka pamoja, na mimi nikalipenda lile marfaa kuliko kitu chochote alichowahi kunitengenezea.

Kazini walinicheka. Msimamizi wangu alipita, akaona mikono yangu imesimama juu ya kibodi, akauliza, "Zuhura, wasimamisha tuktuk?" Nikamwambia ni amri ya daktari. Akaenda zake, maana nani atabishana na daktari?

Mvua ilinyesha mwezi wa kwanza wa mazoezi, ikanyesha wa pili. Vidole vikaanza kufa ganzi: gumba, cha shahada, cha kati. Mwanzo ganzi ilikuja na kuondoka. Baadaye ikahamia kabisa. Alfajiri niliamka na mkono si wangu, nikautikisa mpaka urudi. Nikiomba chumvi kwenye sinia napewa, na mimi naimwaga njiani. Nikawa naokota tonge la wali linafika mdomoni nusu, na wifi zangu wanatazama kando kwa heshima. Katika sala, kwenye tahiyatu, ilinibidi niangaze macho kwenye paja kujua kama kidole cha shahada nimekinyanyua au bado kimelala. Nilirudi zahanati, yule daktari alikuwa likizo, na aliyekuwapo alisoma faili, akasema endelea na mazoezi. Nikaendelea. Nikajiongezea na tano.

Ilikuwa Ijumaa, kipupwe kimeingia. Nilikuwa napika chapati, nazigeuza kwa vidole kama tulivyofunzwa. Nikanusa harufu. Nikadhani jirani ameunguza nyama, nikainama dirishani kutazama. Kisha nikatazama chini. Kidole changu cha shahada kilikuwa kimelala juu ya chuma cha moto na mimi sina habari. Nilipiga kelele mpaka Athmani akapanda ngazi na msumeno mkononi. Sikupiga kelele kwa maumivu. Nilipiga kelele kwa sababu maumivu hayakuwapo.

Alinipeleka hospitali kubwa. Aliyenifunga kidonda alinidunga sindano polepole kwenye vidole huku akiniuliza, "Hapa? Na hapa?" Nilikuwa nimeugeuza uso, nikamjibu aanze basi. Akasema amekwisha maliza. Akaandika kikaratasi, akanituma mwisho wa ukumbi kwa mtaalamu wa viungo.

Mtaalamu huyo, Esther, alikuwa mama wa makamo, mtu wa bara vilevile, mwenye mikono mipana na maneno machache. Aliniambia nivue buibui nikunje mkono wa nguo, bila kuzungukazunguka, na nikaona haya, na nikafanya. Akaniuliza kama kuna mazoezi ninayofanya. Kwa fahari kabisa nikamwonyesha. Nilikuwa nimefika kumi na moja katika kuhesabu aliponishika mikono yote miwili.

"Wacha! Wacha hiyo!"

Nikashtuka.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Daktari. Ameniandikia."

Karatasi ilikuwa kwenye mkoba, imelainika kwa kukunjwa. Akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

"Dada, hapa imeandikwa kiwiko."

"Ndiyo," nikasema. "Hiki." Nikaweka kidole pale pa saa.

Esther akaiweka karatasi mezani. Akanyoosha mkono, akanigusa pale katikati ya mkono, kwenye mfupa uliochongoka. "Na hapa, nyinyi mnapaitaje?"

"Hapo ni kivi."

Akafumba macho. "Nimekaa Majengo miaka ishirini," akasema. "Mwaka wangu wa kwanza mama mwenye nyumba aliniambia kiwiko kinamuuma, nikamkanda huku juu wiki nzima. Alikuwa ananitazama tu, ananiambia ahsante. Dada yangu, daktari wako akiandika kiwiko, ni hapa." Akanigonga kivi changu kwa kidole, mara mbili.

Nilikitazama kivi changu. Kilikuwa kizima. Hakikuwahi kuniuma siku hata moja.

"Na hayo mazoezi?" nikauliza.

"Kwa mahali pengine ni mazoezi mazuri. Kwa hapa..." Alitafuta maneno. "Mtu akija na ganzi kama yako, sisi tunamkunja hivyo hivyo, dakika moja, mara moja tu, tuone kama vidole vitakufa. Ndivyo tunavyoujua ugonjwa. Ni kipimo, dada. Si dawa."

Nilijaribu kupiga hesabu ya mara thelathini kwa siku, kwa miezi mitatu, na zile tano nilizojiongezea. Nikaacha. Ndipo nikakumbuka vile vitu vya Murtaza juu ya kioo, vilivyoniacha kiwiko kimenyooka, na mimi nikavikataa kimoja kimoja kwa sababu hiyo hiyo. Na nikalikumbuka marfaa. Nikamwuliza Esther je, kibodi ikisimama mbele yangu hivi, mkono ukakunjika hivi, kutwa nzima? Uso wake ulinijibu.

"Vidole vitarudi?" nikauliza.

"Viwili nadhani vitarudi. Hiki cha shahada sikuahidi kitu."

Nilimwambia Athmani kwenye ngazi za hospitali, watu wanapanda na kushuka. Nilidhani atacheka, au atatukana. Alinishika mkono, akaugeuza, akaweka kidole chake kwenye kiwiko changu, kisha kwenye kivi, kisha kwenye kiwiko tena.

"Basi mimi ndiye niliyekuvunda mkono, Zuhura," akasema. "Nimekupimia kwa bati."

Nikamwambia si yeye. Hakunisikia. Kesho yake alikwenda Shimanzi akalichukua marfaa lake, akalifunga kwa kanzu kuukuu, akaniambia twende zahanati. Katika chumba cha kungojea alilipakata kama mtoto. Mzee mmoja akalitambua ndani ya kitambaa akasema mashallah, wamletea nani? "Daktari," akajibu Athmani, na meno yake yamekazana. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo asilitupe.

Daktari alikuwa amerudi. Alisimama tena tulipoingia. Athmani akalifungua marfaa, akaliweka juu ya meza, juu ya mafaili, akanikalisha, akaniwekea mikono juu yake kama nilivyokuwa nikikaa. "Hivi ndivyo ulivyoandika," akasema. "Kiwiko pembe mraba. Tazama kazi yako."

Yule kijana hakuelewa. Nikamweleza. Nilimwonyesha kiwiko changu kwa kidole, na yeye, bila kujua anafanya nini, akashika kiwiko chake, huku juu. Tukabaki hivyo, kila mtu kashika kiwiko chake. Nikaona uso unamsawijika.

"Mama," akasema. "Mbona hukunionyesha?"

"Mbona hukunigusa?"

Akaketi. Kisha akasema, "Nilipohamia Mombasa niliambiwa nisimguse mama wa Kiislamu bila kuomba ruhusa. Nikaona aibu kuomba."

"Na mimi niliona haya kukufunulia mkono," nikasema. "Nilidhani ukihitaji kuuona utasema."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, nimeyapanga toka nyumbani. Nikayatafuta nisiyaone. Adui niliyemjia hakuwapo. Palikuwa na watu wawili waliotaka kuheshimiana, na baina yao mkono wangu. Hilo ndilo lililonishtua kuliko moto wa chapati. Ningekuta uzembe ningejua la kufanya.

Daktari akasimama, akazunguka meza. "Naomba niushike, mama." Mimi nikamtazama Athmani, na Athmani akatazama ukuta, kisha akasema, "Mshike, daktari. Mshike sawasawa." Akaushika. Mikono yake ilikuwa baridi.

Yaliyofuata yalikuwa matibabu ya kawaida na sitayarefusha. Nilivalishwa gango, kibao chepesi cha kitambaa kinachokinyoosha kiwiko, wiki sita, nalala nalo na kuamka nalo. Nilidungwa sindano moja mahali penyewe, na safari hii daktari alipiga alama ya kalamu kwanza, akaniuliza mara tatu. Upasuaji ulitajwa, ukawekwa kando, ukatajwa tena. Athmani alikanda unga, alikamua tui, alinifunga pini za mtandio kwa vidole vyake vigumu na kunidunga nazo shingoni. Alifanya yote hayo bila kunitazama machoni. Siku moja nilimkuta karakanani na shoka, na marfaa limelazwa chini. Nikamwambia akilivunja ataniumiza tena. Nikamwambia aligeuze.

Aligeuza kweli. Esther alikuwa ameniambia kibodi bora ilale, hata ielekee chini upande wa mbele, mkono upite juu yake umenyooka. Athmani alikata miguu, akalizungusha nyuma mbele, akalipunguza mpaka likawa na mteremko mdogo unaonikimbia. Maua ya nakshi sasa yanatazama kwangu.

Kwa Murtaza nilirudi wakati wa vuli. Nilipomweleza alivua miwani akajipiga paji la uso. "Mimi nimesoma kwa sauti!" akasema. "Kwa sauti, Zuhura!" Akanifungulia kabati zima, akaniambia nichukue kimoja, nikae nacho wiki, nirudishe, nichukue kingine. Basi nyinyi mnaoniuliza, hivi ndivyo nilivyochagua. Kile cha gololi kilikuwa kizuri siku mbili, halafu kidole gumba kikaanza kulalamika, kwa kuwa kazi yote ilikuwa yake peke yake. Kibodi iliyopasuliwa iliyapendeza mabega yangu, lakini mimi kazi yangu ni nambari, na nambari zake zilikuwa mbali upande wa kulia, nazifuata kwa kutupa mkono. Nikachukua kibodi fupi isiyo na nambari, na nambari zake peke yake kwenye kijibao kidogo ninachokiweka kushoto. Mkono wa kushoto ulichukua muda. Utotoni ulichapwa kila nilipoupeleka kwenye sahani, na nadhani ulikuwa bado unaogopa.

Na kipanya ni kile cha ubavu, cha kupeana mkono. Wiki ya kwanza bega liliuma nikataka kukirudisha. Msikirudishe wiki ya kwanza. Msisome sanduku linasema nini wala msisikilize mimi nasema nini. Kaeni nacho, utazameni mkono wenu umekaaje, na mkienda kwa daktari msimpe jina. Wekeni kidole. Hata kama ni profesa wa Kiswahili, wekeni kidole.

Juzi nilikuwa zahanati, kwenye benchi, nikimsubiri daktari anitazame. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nikamsikia akisema, "Mzee, kiwiko kipi? Nionyeshe. Naomba nishike." Nikaangua kicheko peke yangu, watu wakanitazama.

Gumba limerudi. Cha kati kimerudi. Cha shahada ndicho kilichobaki, na kwa ajili yake Athmani ana desturi yake. Kila Ijumaa baada ya chakula huniambia nifumbe macho, hunishika mkono, huweka kitu juu ya ncha ya kidole. "Nini?" Mwanzoni aliweka msumari. Sikujua. Aliweka punje ya mchele, sikujua. Aliweka unga wa mbao, aliweka barafu, aliweka mbegu ya tende. Sijui, sijui, sijui. Yeye husema haya, Ijumaa ijayo.

Kaskazi imerudi sasa, mwaka umetimia. Ijumaa iliyopita nilifumba macho. Nikangoja. Nikadhani hajaweka kitu, nikataka kumwambia awache mchezo. Kisha pakawa na kitu. Chembamba, kinapita.

"Uzi," nikasema.

Nikafumbua macho. Alikuwa ameshika unywele mmoja mweupe wa ndevu zake, na safari hii alikuwa ananitazama.

"Si uzi," akasema. "Ni mvi yangu."

"Jina nimelikosa," nikamwambia. "Lakini nimekihisi."